Naisikia Kutoka Maabila

Cha kwanza ulikiua kwa uma, Azzan,
ukichokoa yai kama mtu anayetoa mwiba mguuni.
Cha pili ulikiacha kitupu juu ya moto
ukenda kumfungulia mlango mtu wa gesi,
mkasimama, mkazungumza mpira,
na chiriku wa Binoy, jikoni, ndani ya tundu lake,
akaanguka chali.
Moshi ule ndege wanaujua kabla yetu.
Cha tatu sikuuliza.

Huko Suhar kazini unayeyusha alumini kwa tani,
una helmeti, una glavu, una cheti ukutani.
Nyumbani kipande chake kimoja kinakushinda!

Basi Ijumaa nikapanda basi, kikapu mapajani.

Dukani ukakimbilia chekundu.
Nikakwambia kigeuze,
chombo hutazamwa tako.
Kikiwa chepesi kama kifuniko cha kopo la biskuti, kirudishe.
Kiweke juu ya kioo cha kaunta, ukibonyeze pembeni:
kikicheza hapa, na jikoni kitacheza,
mafuta yote yatakimbilia upande mmoja
kama watu wanaokimbia jua.
Shika mpini. Skrubu ngapi? Moja?
Moja italegea kabla ya Ramadhani.
Muuzaji akasema, "Mama, hiki ni cha mawe."
Mawe ameyaona wapi? Ni madoa ya rangi.
Tukachukua cheusi, kizito, riali sita na nusu,
nawe ukanuna njia nzima kwa ajili ya chekundu.

Sikiliza tena, maana siku ile ulikuwa unatazama simu.
Kioshe kwanza, kikaushe, kipake mafuta
yanayotosha kidole.
Moto wa wastani. Wa wastani, Azzan.
Tumia upawa wa kifuu niliokuletea,
vijiko vya chuma vifungie kabatini.
Kikitoka motoni usikikimbize bombani;
hata maji yenu ya mwezi wa saba,
yanayotoka ya moto bila kupashwa,
kwake yeye ni baridi, kitapinda.
Ukikipandia sufuria juu, tandika kitambaa kati,
kata lile kanzu lako lililoungua kola.
Na siku ngozi yake ikianza kubanduka, kitupe.
Usikionee haya.

Hiki si chuma cha bibi yako.
Kile kilitoka Wete kimeviringishwa mkekani,
hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja,
na kinakumbuka kila mkate uliopita juu yake,
wa harusi, wa matanga,
hata ule niliouunguza usiku babako alipochelewa.
Hiki chako hakikumbuki kitu.
Kila asubuhi kinaamka hakilijui yai la jana.
Zipo siku nimetamani kifua cha namna hiyo.
Zipo siku nimekwenda kukipapasa kile chuma, basi,
bila kupika.

Jana usiku umenipigia.
Unataka kupika mkate wa maji,
unaniuliza Kiarabu nusu, Kiswahili nusu,
kila neno la tatu linakukwama,
unalikwangua, unaliacha.
"Isogeze simu jikoni," nikakwambia.
"Utasikia nini, Mama?"
Nilisikia mafuta yakipiga kelele.
"Punguza."
Nikasikia yakinong'ona.
"Sasa mimina. Zungusha. Mkono mbali, uache."
Kimya. Pua zako tu.
Feni la Binoy likigonga.

Halafu: "Mama! Umebanduka wenyewe!
Sijaugusa, umeteleza wote mpaka sahanini,
una vitundu vidogo vidogo kama wako,
haukushika hata kidogo!"

Maneno yote yale, Azzan,
na hakuna hata moja lililokukwama.
Sikukwambia. Ungejikwaa.
Nilisema tu:
kula ungali moto.
Kikaango kiache kipoe.